Binti yangu anakwenda kambi ya milimani Juni hii: nimwandaeje, na nimwambie nani habari za usiku?

fundi_wa_Uyole

Shikamooni wakubwa, habari za jioni wengine wote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, mama wa watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka 11, yuko darasa la sita. Likizo ya Juni shule yao inawapeleka kambi ya michezo ya nje huko juu, safu ya milima ya Uporoto, jirani na Isyonje. Watalala siku tano: mbili bwenini, tatu kwenye mahema. Ratiba ina kupanda Ziwa Ngosi kwa miguu, siku moja ya hifadhi ya Kitulo kwa gari, kupita juu ya kamba zilizofungwa kwenye miti, kusoma ramani kwa dira, kupika kwa zamu na moto wa kambi kila jioni. Mtoto ana hamu mpaka amechora mlima kwenye jalada la daftari la hisabati.

Karatasi ya maandalizi tuliyoletewa ina mistari sita: mablanketi mawili, sweta, raba, sahani na kikombe, tochi, sabuni. Imeishia hapo. Mimi asubuhi za Juni hapa Uyole nakaa kwenye cherehani nimejifunga kitenge juu ya sweta, na vidole havishiki sindano mpaka jua lipande. Huko juu kutakuwaje? Hilo ni swali la kwanza.

La pili ndilo linaloninyima usingizi wiki hii. Binti yangu bado anakojoa kitandani. Si kila siku. Wiki nyingine haitokei kabisa, nyingine mara mbili, na baridi ikikaza inazidi. Hospitali walimpima mkojo, hana maambukizi wala sukari, wakasema ataacha mwenyewe. Hapa nyumbani tumezoea. Godoro lina nailoni, shuka analoweka mwenyewe kabla ya kwenda shule, na mdogo wake anajua kwamba neno "kikojozi" halitamkwi ndani ya nyumba hii. Lakini huko atalala chumba kimoja na wasichana kumi na mmoja wa darasa lake, atakaorudi kukaa nao dawati moja.

Nami nina sababu ya kuogopa. Nilisoma bweni nikiwa mdogo, mkoa mwingine. Walioloanisha walitolewa asubuhi na magodoro yao mpaka mstarini, wakasimama nayo kichwani hadi kengele ilie. Nilikuwa mmoja wao mara mbili. Mwanangu sijawahi kumwambia.

Baba yake anasema abaki nyumbani, mwaka kesho upo. Wifi yangu anasema nimnyime maji kuanzia mchana na nisimwambie mtu yeyote. Mimi nataka aende. Je, niwaambie walimu au ninyamaze?

mnyalukolo_77

Kamwene mama. Nimeongoza skauti hapa Iringa miaka kumi na minne, na tumelala mashamba ya chai ya Mufindi mwezi wa sita na wa saba mara nyingi. Nitakujibu la baridi. Lile la pili namwachia anayelijua kuliko mimi.

Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kama nyuzi 0.6. Uyole ipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo unaanzia kama mita 2,600. Tofauti hiyo ya mita 800 ni nyuzi tano chini ya baridi inayokukausha vidole. Kitulo Juni na Julai usiku sakitu inaanguka, asubuhi unakuta nyasi nyeupe. Kambi yenu haipo juu kiasi hicho, lakini iandalie baridi ya namna hiyo.

Mablanketi mawili si mabaya. Kosa ni kwamba yote mawili yatawekwa juu ya mtoto. Kwenye hema baridi hutoka chini. Akilala juu ya mkeka uliotandikwa kwenye udongo, ardhi itamnyonya joto usiku kucha hata umfunike mablanketi matano. Mpe sponji, hata la inchi moja, lililokunjwa na kufungwa kamba. Sisi tuliokosa sponji tulijaza nyasi kavu kwenye viroba vya salfeti, tukashona midomo, na watoto walilala vizuri. Blanketi moja liende chini, moja juu.

Nguo: nenda mitumba Mwanjelwa asubuhi marobota yakifunguliwa, utafute sweta la sufu halisi, lile linalowasha kidogo shingoni. Sufu ikiloa bado inatunza joto. Pamba ikiloa inashika maji na kumnyonya mtoto joto, na suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, iacheni nyumbani. Suruali mbili za traksuti, mzula wa kufunika masikio, glovu, soksi jozi sita, koti la mvua hata kama ni kiangazi kwa sababu msitu wa Ngosi haujui kiangazi. Halafu weka seti moja ya nguo za kulalia ambayo haitoki mkobani mchana hata jua liwake vipi. Nimewaona watoto wanalala na soksi walizotembelea kutwa, zina jasho, saa nane usiku wanatetemeka wanadhani wana malaria.

Zamani mkoba tuliutandika ndani kwa mifuko ya plastiki ili nguo zisiloe. Ile imekatazwa tangu Juni 2019. Wewe ni fundi, shona mfuko wa nailoni ile ya kutandika mezani, mdomo uwe mrefu wa kukunja mara tatu.

Raba aanze kuvaa leo. Atembee nazo kutoka kwenu hadi viwanja vya Nane Nane na kurudi, akiwa na mkoba wenye uzito mgongoni, mara tatu kwa wiki.

Na kuna jambo naomba ulifuatilie kwa nguvu zako zote. Uliza kama wanaingiza jiko la mkaa bwenini. Watu wa nyanda zetu hufanya hivyo kwa upendo: mtoto anatetemeka, linaletwa jiko lenye moto mzuri, madirisha yanafungwa. Mkaa hata ukiwa hautoi moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja mtamu, na hawaamki. Kwenye hema ni haraka zaidi. Wakikujibu "tunaliweka dakika chache tu", usikubali. Maji ya moto kwenye dumu dogo lililofungwa vizuri na kuviringishwa taulo yanatosha kupasha miguu.

baba_wa_Ilomba

Mama, nisamehe, mimi naungana na mumeo. Mtoto wa miaka 11 mwenye tatizo hilo unampeleka kwenye baridi na kundi la wenzake kwa faida gani? Watoto wana maneno makali. Wangu aliitwa jina moja darasa la tatu, akalibeba mpaka kidato cha pili. Kamba na dira ataziona akikua. Nasema hivi kwa kuwa niliumia nikiona mwanangu anaumia.

matroni_wa_zamani

Marahaba mwanangu. Nilikuwa matroni wa wasichana miaka 22 huku Rungwe, na likizo nyingine niliitwa kulala na watoto wa kambi. Kaa tuzungumze, nina mengi.

Kwanza toa aibu. Sijawahi kupokea wasichana arobaini wa umri huo nikakosa wawili au watatu. Sikuambiwa na wazazi, niliambiwa na pua yangu na macho ya mtoto asubuhi. Mtoto wa namna hii si mvivu. Usingizi wake ni mzito kiasi kwamba kibofu kikijaa habari haifiki, au mwili wake bado unatengeneza mkojo mwingi usiku kama vile ni mchana. Mara nyingi kuna mzazi aliyekuwa vivyo hivyo. Ulipotaja yale magodoro, ulitaja pia alikoirithi.

Umesema baridi ikikaza inazidi. Uko sahihi. Mwili ukipata baridi hurudisha damu ndani kutoka kwenye ngozi, na figo zinatoa mkojo zaidi. Kwa hiyo yote aliyokuambia mwalimu wa skauti kuhusu sponji na soksi kavu ni dawa ya jambo lako la pili pia. Mtoto aliyelala na joto ana nafasi kubwa ya kuamka mkavu.

Wifi yako umshukuru, ila kwenye maji amekosea. Mtoto anayepanda mlima bila maji ataumwa kichwa na kuishiwa nguvu, na mkojo wake utakuwa mzito, unaochoma kibofu na kukisumbua zaidi. Anywe sana asubuhi na mchana. Baada ya chakula cha jioni apunguze, mafunda mawili matatu tu. Chai ya majani na kakao ya moto wa kambi aziache, zinaamsha mkojo. Aende haja mara mbili: kabla ya kupiga mswaki, na tena dakika ya mwisho kabla ya kulala, hata kama anasema hana kitu.

Hili wazazi wengi hawalijui: choo kigumu. Mtoto anafika kambini, chakula kimebadilika, choo ni cha shimo na kina giza, anajizuia siku mbili tatu. Utumbo ukijaa unakibana kibofu. Wiki ile ale papai, maparachichi, maharage, mboga, na umzoeze kwenda choo cha shimo usiku na tochi peke yake, wewe ukiwa umesimama mbali kidogo. Wako wasichana niliowakuta wameloa si kwa sababu ya usingizi. Waliamka, wakasikia upepo kwenye mianzi, wakaogopa kutoka.

Sasa swali lako. Ndiyo, sema. Lakini si kwa kuandika kwenye fomu. Fomu inapita kwa mwalimu, karani, dereva, na mtu wa jikoni. Mwambie mtu mzima mmoja, mwanamke atakayelala na wasichana, na umwambie kwa mdomo. Muulize binti yako kwanza, umwambie: nataka matroni ajue, wewe unaonaje? Akikubali, aende nawe wakaonane uso kwa uso. Wapatane ishara. Sisi tulitumia leso: ikiwa imefungwa kwenye mpini wa mkoba asubuhi, najua la kufanya watoto wakiwa kwenye uji, na hakuna neno linalosemwa. Omba kitanda chake kiwe karibu na mlango, na aamshwe saa tano usiku mtu mzima anapokwenda kulala.

Wewe ni fundi, Mungu amekupa mikono. Shona tandiko: juu flana laini, katikati taulo la zamani mara mbili, chini nailoni. Upana wa mabega yake na nusu, urefu kutoka kiunoni mpaka magotini na ziada ya kuchomeka pembeni. Rangi ifanane na shuka. Nailoni ya mezani inatoa mlio ukigeuka, kwa hiyo jaribuni nyumbani. Mpe suruali mbili za kulalia zinazofanana kabisa, ili akibadilisha usiku asubuhi asiulizwe. Na kuna zile pampasi za kuvaa kama chupi, saizi za watoto wakubwa, maduka makubwa ya dawa mjini wanaagiza. Kama atakubali kuvaa, zitamsaidia kwenye hema. Kama hataki, usimlazimishe. Zipo pia dawa ambazo daktari anaweza kuandika kwa siku kama hizi, ila zinatakiwa zijaribiwe wiki kadhaa kabla ukiwa naye nyumbani, na zina masharti ya maji ya usiku. Usimpe kidonge cha kuambiwa na jirani.

Kabla ya kambi alale nje ya nyumba angalau mara mbili. Kwa shangazi, kwa bibi, popote, akiwa na tandiko lake na mkoba ule ule, aupange yeye na aupangue yeye. Mtoto aliyepangiwa mkoba na mama yake huwa hajui soksi zake ziko wapi gizani. Na usimwambie "ukilia nitakuja kukuchukua". Nilikaa na wengi waliobeba neno hilo. Kila likizama jua wanasubiri gari. Mwambie siku utakayompokea na mahali utakaposimama.

Baba wa Ilomba, pole sana kwa mwanao. Nakuelewa. Lakini kilichomuumiza si kukojoa, ni watu wazima waliokuwepo wakanyamaza. Mama, hilo ndilo ulichunguze: nani analala na watoto, mwanamke au mwanamume, na mtoto akikosea wanamfanya nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto jambo la kumdhalilisha, na lile la magodoro ni udhalilishaji. Binti yako aijue kichwani namba 116, simu ya kumsaidia mtoto, ni bure.

La mwisho mwanangu. Mwambie habari zako. Usingoje akue. Sasa hivi anaamini ni yeye peke yake duniani, na mtu pekee anayeweza kumtoa hapo amekaa kwenye cherehani chumba cha pili.

fundi_wa_Uyole

Ndaga fijo mama. Nimesoma mara tatu, ya tatu nikiwa dukani na mteja amesimama ananiangalia. Baba wa Ilomba, nakushukuru na wewe, mume wangu amesoma ujumbe wako na akasema kuna mtu anamwelewa.

Jana nilikwenda shuleni. Nilikutana na mwalimu wa kike atakayelala na wasichana. Niliuliza la jiko kwanza, maana lilikuwa rahisi kwangu kulitamka. Jibu: ndiyo, huwa wanaweka jiko la mkaa mlangoni mwa bweni kwa ndani jioni, wanalitoa watoto wakilala. Nikamweleza kama mnyalukolo alivyoeleza. Alishtuka kweli, hakujua. Ameahidi kulipeleka kwa wenye kambi, nami nimeomba namba yao niwapigie mwenyewe, kwa sababu ahadi ya mtu wa tatu sitaki kulalia.

La pili bado sijasema. Binti hajaniruhusu. Anasema "nitaangalia, mama". Jumamosi anakwenda kulala kwa bibi yake Iyunga.

kijana_wa_Isongole

Mama shikamoo. Mimi hupeleka wageni Ngosi, naongeza yaliyobaki.

Kutoka barabara ya Tukuyu mnapita mashamba ya viazi kwanza, halafu msitu. Ndani kuna migomba pori mikubwa, mianzi na mizizi iliyovuka njia. Kipande cha mwisho kinapanda wima na udongo wake unateleza hata Juni. Watoto wanapenda kukimbia kushuka, hapo ndipo vifundo vya miguu huvunjika. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, kuna majani yanayowasha pembeni mwa njia. Fimbo apate huko huko.

Ukifika ukingoni unaliona ziwa chini kabisa, la kijani, limezungukwa na kuta. Ni shimo la volkano lililojaa maji. Waulize waziwazi kama watoto wataishia ukingoni au watashuka majini. Kushuka ni mwinuko mkali kuliko kupanda, mimi watoto wa darasa la sita siwashushi. Uliza pia wanaondoka saa ngapi. Kundi likianza baada ya saa nne, litarudi msituni kukiwa na giza, maana chini ya miti ile jua hutoweka mapema. Kila mtoto abebe tochi yake mkobani siku hiyo, hata kama wanaondoka asubuhi.

Kitulo mwambie mapema kwamba maua mengi ni kati ya Desemba na Aprili, asije akalia. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu. Juni ataona nyasi za dhahabu, upepo, na anga ambalo hajawahi kuliona. Amuulize mhifadhi kuhusu viazi vya okidi vilivyokuwa vinachimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, ni habari inayowashika sana watoto. Na tumbili aitwaye kipunji, anayeishi misitu ya Rungwe na Kitulo, ambaye wanasayansi hawakumwandika mpaka 2005 wakati babu zetu walikuwa na jina lake tayari. Midomo aipake mafuta ya mgando, jua la juu kule linapasua ngozi hata ukisikia baridi.

fundi_wa_Uyole

Narudi baada ya wiki tano. Amesharudi, amelala, nyumba inanuka moshi wa kuni.

Nianze na nyumbani. Kwa bibi Iyunga usiku wa kwanza alilala mkavu. Wa pili aliloa, na nailoni ilikuwa inalia kama karatasi, bibi akaamka akidhani kuna panya. Nikaitoa, nikatumia kitambaa cha mwavuli uliovunjika, mara mbili, nikapaka nta ya mshumaa kwenye mishono. Hakitoi mlio kabisa.

Aliporudi kutoka kwa bibi alikuwa kimya, anakunja tandiko. Nikazima cherehani nikamwambia habari zangu zote: bweni, mstari, godoro kichwani. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilitegemea aniulize kama walinicheka. Akauliza, "Na godoro lilikuwa zito?" Nikamwambia lilikuwa la pamba, limeloa, lilikuwa zito sana. Akafikiri. Kesho yake asubuhi, akiwa anafunga viatu, akasema, "Mwambie madamu. Lakini mimi nitakuwepo." Tulikwenda pamoja. Mwalimu alichuchumaa mpaka usawa wake wakapatana leso ya bluu.

Wenye kambi niliwapigia mara nne. Mara ya nne nilikuwa na wazazi wengine watatu. Jiko limetolewa bwenini, watoto walipewa maji ya moto kwenye chupa zao wakalala nazo miguuni.

Kambini: siku mbili za bweni alikuwa mkavu, aliamshwa saa tano. Siku ya kwanza ya hema aliloa. Anasema aliamka mwenyewe, akabadilisha suruali ndani ya blanketi, akakunja tandiko na kulisukuma kwenye mfuko, akafunga leso. Asubuhi alirudi kutoka kwenye uji akakuta tandiko la akiba limeshatandikwa. Hakuna aliyesema kitu. Siku mbili zilizobaki hakuloa. Habari hiyo aliniambia kwa sentensi tatu nne tukiwa kwenye bajaji, kisha mpaka tunafika nyumbani akazungumzia ziwa, na mwenzake aliyeganda katikati ya kamba mpaka wote wakaimba wimbo wa shule ndipo akavuka.

Yasiyokwenda vizuri: kisigino kimechubuka, raba ziliwahi kuzoeleka lakini soksi nilizompa zilikuwa na mshono mnene, kosa langu mimi fundi. Glovu moja imepotea. Na siku ya Ngosi waliondoka saa nne na nusu, wakarudi gizani, watoto wengi bila tochi. Wangu alikuwa nayo, akatembea mbele na mwalimu. Kijana wa Isongole, Mungu akubariki. Hilo la muda nimeliandika kwa barua kwa mwalimu mkuu, wazazi tisa tumesaini.

mama_wa_Mafinga

Dada, nina wa kiume wa miaka tisa, hali ile ile, Desemba anakwenda kambi ya kanisa. Nimesoma nikilia. Hicho kitambaa cha mwavuli kinashonwa upande gani, na taulo linakaa vipi lisijikunje?

fundi_wa_Uyole

Pole dada, na karibu. Mwavuli mmoja mkubwa unatosha. Fumua vipande, vioshe, viunganishe mpaka upate sentimita 90 kwa 80. Upande uliokuwa unapigwa na mvua uwe unatazama taulo. Taulo lishikize kwa mishono mirefu ya mraba, kama unavyoshona godoro la mtoto mchanga, kila baada ya vidole vinne, lakini mishono ishike flana na taulo tu, isitoboe mwavuli. Mwavuli uushone kingoni pekee. Acha masikio mawili pembeni ya kuchomeka chini ya sponji. Shona mawili. Ukishindwa nitafute hapa, nitakukatia niweke kwenye basi la Mafinga.